Vikono vya Hendibreki ya Hilux ya Zamani: Chuma Safi, Kipira Ovyo

Haya wakuu, karibuni tena, tupo Mtwara. Leo nina jozi ya vikono vya hendibreki vya Hilux pikapu za miaka ya 1980, zile za mpini wa kuvuta chini ya dashibodi. Gari lenyewe mnalijua, siwachoshi.

Kikono ndiyo hiki kipande cha chuma chenye umbo la L, kinakaa nyuma ya sahani ya breki. Waya unakivuta, chenyewe kinavuta mkono wa shuu, yaani viatu vya breki vinavyobana ndani ya dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu. Sasa hendibreki ikilegea, mafundi wanakimbilia kukaza waya. Kosa! Gari hili ajasta ya nyuma, kile kifaa cha kusogeza shuu karibu na dramu, inajikaza kwa kuvuta hendibreki. Ukikaza waya, kikono kinakaa nusu kimevutwa, ajasta haidaki jino linalofuata, shuu zinabaki mbali, pedeli inazama. Ndiyo unaona mlima wa Newala, magunia ya korosho nyuma, utingo anaruka na jiwe.

Sogeza kamera. Hiki cha zamani nakisukuma kwa dole gumba… wapi! Pini imeshikana na kutu, chumvi ya pwani hiyo. Hiki kipya nakigusa tu, kinaanguka kwa uzito wake. Raha!

Ila kipira cha vumbi, jamani! Chepesi kama puto, mdomo haubani. Maji yakipita hapo, umerudi kulekule. Cha zamani kama hakijapasuka, kioshe ukirudishe, na pini ishibe grisi kwanza.



Kufunga: weka kabari magurudumu ya mbele, maana hendibreki ndiyo mgonjwa. Dramu ikigoma, acha nyundo. Ingiza bolti 2 za milimita 8 kwenye yale matundu yake yenye nyuzi, kaza kwa zamu, itatoka. Legeza waya, funga kikono, kivute taratibu mpaka ulegevu uishe, halafu rekebisha bolti ya kizuizi ibaki nafasi ya milimita 0.4 hadi 0.8. Tumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, siyo jicho. Ukikosea hapo shuu zinaburuza, dramu inachemka. Rudisha dramu, vuta na uachie hendibreki mpaka ule mlio wa tik-tik ndani ukome. Waya unaukaza mwisho kabisa.

Bei elfu 45 jozi. Mtumba ni nafuu, ila kicheze mkononi mwako palepale dukani, la sivyo unanunua kutu ya mwenzio. Nakipa nane kwa kumi. Mbili zimeliwa na kipira.