Mashine ya kujihudumia katika duka la nguo Nyali: uzoefu wangu

Duka moja la nguo huku Nyali, Mombasa, limeweka, karibu na vyumba vya kujaribia, mashine yenye skrini ya kugusa ambayo mteja huitumia kuulizia saizi, kumwita mhudumu na kulipa bila kupanga foleni kwa keshia. Nimeitumia kununua suruali za mwanangu, shati la mume wangu na mabuibui ya Idi, na kwa maoni yangu ni chombo chenye manufaa ya kweli, ila aliyekiunda hakuyafikiria mavazi ya watu wa Pwani.

Manufaa yake makubwa ni kujibu swali linalomchosha kila mnunuzi, yaani kama nguo aliyoipenda ipo kwa saizi yake. Ukielekeza lebo kwenye kisomaji, skrini huonyesha saizi zilizopo dukani, zilizo stoo na zilizokwisha, tena huzilinganisha, kwa kuwa saizi 12 ya Uingereza kwa kawaida ni 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na nguo zetu hutoka kote huko. Ukigusa saizi unayoitaka, mhudumu hupata ujumbe na kukuletea nguo mpaka mlangoni mwa chumba. Kwa mwanamke aliyeagiza saizi mbili kabla ya kuvua buibui na mtandio, kutolazimika kujistiri upya ili atoke kutafuta saizi nyingine ni stara na nafuu kubwa.

Nilipofika kwenye mabuibui, mambo yalibadilika. Buibui la mtindo wa abaya huuzwa kwa nambari, 52, 54, 56, 58 au 60, ambazo ni urefu wa vazi kwa inchi kutoka begani hadi kwenye pindo, na wanawake wengi wa hapa wanazijua nambari zao kwa moyo. Mashine imezilazimisha zote ziwe S, M na L. Nilichagua M mara mbili, nikaletewa moja la 54 na jingine la 58, na inchi nne ndizo zinazotenganisha vazi linaloishia kwenye kifundo cha mguu na linaloburura sakafuni. Dada aliyenihudumia alinieleza kwa upole: “Mama, nambari zimo kwenye lebo ya shingoni, lakini hazikuingizwa kwenye kompyuta.” Basi dawa yake haihitaji mashine mpya: orodha ya bidhaa iongezewe nafasi mbili, moja ya urefu kwa inchi na nyingine ya upana wa kifua, kwa sababu wawili wenye kimo kimoja huweza kutofautiana sana kwa unene. Kanzu za wanaume nazo zinahitaji hivyo hivyo.

Malipo ni ya M-Pesa. Unaandika nambari ya simu, ombi linakuja kwenye simu yako, na PIN unaiweka hapo hapo mkononi mwako, jambo ambalo ni salama. Hata hivyo nambari yenyewe hubaki kwenye skrini kwa tarakimu kubwa mbele ya waliosimama nyuma yako, ilhali Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye duka azilinde taarifa kama hizo. Tarakimu za katikati zifichwe kwa nyota.

Kinachonisikitisha zaidi ni hatua ya mwisho. Baada ya kulipa na kupata risiti, kile kidude cha plastiki cha kuzuia wizi bado kimeng’ang’ania nguoni, na kifaa cha kukitolea kiko kwa keshia peke yake. Kwa hiyo mteja aliyeikwepa foleni anarudi kuipanga akiwa amekwisha kulipa. Nimemwomba meneja aweke kifaa cha pili kando ya mashine, pamoja na mhudumu wa kukisimamia jioni na siku za kuelekea Idi, wakati duka linapojaa.