Tahadhari: kiredio cha MP3 chenye "memori GB 128 bure" kwa 38,000

Ndugu zangu, kama umeliona lile tangazo la kiredio kidogo cheusi cha kuning'iniza, "memori GB 128 bure ndani, nyimbo 30,000, chaji masaa 48, sh. 38,000 tu", na mkono umeshafika kwenye namba ya siri, urudishe kwanza. Ada ya somo hili nimeshalipa mimi.

Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu halitakusaidia. Tangu nianze kugombana na muuzaji ameshalibadilisha mara mbili, picha ni zile zile na sauti kwenye video ni ile ile. Bora uujue mchezo wenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga. Tuko watatu, mimi na mabinti wawili ninaowafundisha kazi, na tangu asubuhi mpaka karibu na magharibi lazima kuwe na kitu kinaimba, la sivyo mishono hailali. Simu tuliishindwa. Bando linakatika, na wimbo ukinoga mteja anapiga kuulizia gauni la harusi. Ndiyo maana nikataka kiredio cha memori, kitu cha kuchomeka, kutundika msumarini na kukisahau.

Muuzaji yuko Dar. Walio Dar wanalipa mzigo ukifika mlangoni, sisi wa mikoani tunalipa kwanza. Hilo peke yake silo kosa, wauzaji wengi waaminifu wanafanya hivyo hivyo, ila ujue kwamba ukishalipa huna tena cha kumshikia. Nikalipa Jumapili, Jumanne nikapigiwa simu nikauchukue mzigo stendi ya Kange, na 5,000 ya basi juu yangu.

Nimtendee haki: kiredio chenyewe kinaimba. Sauti si mbaya kwa bei ile, vitufe vinabonyezeka hata ukiwa na chaki vidoleni, na kina tochi ambayo imetuokoa umeme ulipokatika sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa. Chaji ya masaa 48 ilikuwa masaa manne na kidogo. Nikanyamaza, kwa pesa ile nilijua tu kwamba kwenye boksi watakuwa wametia chumvi. (Kwenye mambo ya betri, hata spika kubwa wanadanganya. Ukiona zile betri nene za duara wanazoziita 18650 zimeandikwa 9,900 mAh, hiyo haipo. Hata zile bora kabisa hazifiki hata nusu ya hapo.)

Memori nayo niliichomeka kwenye kompyuta ya kijana wa steshenari jirani. Ikasoma GB 125. Nikachekelea, GB 125 zangu mwenyewe! Siku hizi najua kwamba memori halali ya GB 128 ukiichomeka kwenye Windows husoma kama 119, kwa sababu kiwandani wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Yangu ilizidi. Pale pale ningeshtuka, sikushtuka.

Wiki ya kwanza kijana akaniingizia nyimbo kama 800, taarabu nyingi, dansi la zamani kidogo, na kaswida za Ijumaa. Zote zinaimba. Wiki mbili tatu tukawa tunastarehe.

Mimi nina kanda za marehemu baba. Alikuwa akisomesha darsa msikitini miaka ya 1990, na kulikuwa na mtu akimrekodi kwa redio kaseti. Nilirithi kanda 9 za dakika 60, nyingine utepe umeanza kunata. Nikaona, sasa nafasi ninayo, nizihamishe. Kijana mwingine mwenye redio kaseti nzima akaunganisha waya na kompyuta, akazicheza moja moja mpaka mwisho, siku tatu kazi hiyo. Alizihifadhi kwa WAV, akasema sauti haipungui namna hiyo, ila zinakula nafasi: saa moja ni kama MB 635. Nikamwambia weka tu, nafasi ninayo. Akaziweka. Kompyuta yake imejaa kazi za watu, akaniuliza azifute kwake? Nikasema futa.

Siku mbili baadaye binti mmoja akaongeza singeli zake. Nazo ziliingia bila shida.

Tuliligundua Alhamisi mchana. Taarabu inaendelea, kinanda kinalia taratibu, bibi anaimba kwa uchungu wake, mara katikati ya ubeti singeli ikamtoka kifuani. Mabinti wakaanguka kwa kicheko, nami nikacheka. Wimbo uliofuata ukarukwa. Uliofuata ukarukwa. Nyimbo za mwanzo kabisa karibu zote jina liko, ukubwa uko, ukibonyeza unaandika 00:00 na kuhamia mwingine. Hapo kicheko kikaniishia, nikaenda kwenye kanda za baba. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima, mpaka ya sita. Ya saba inasema dakika 11, halafu baba anakatika na kinaanza kelele kama mvua ya masika juu ya bati, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ya nane na ya tisa hazifunguki.

Nikampelekea fundi simu mmoja mtu mzima. Hakukishika hata kiredio, alichomoa memori akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Umenunua shilingi ngapi?" Nikamwambia ilikuwa bure ndani ya bei. Akacheka peke yake.

Akanieleza hivi. Ndani ya kila memori kuna kichipu kinachoiambia kompyuta ghala lina ukubwa gani. Hawa jamaa wanakiandika upya kiseme uongo. Ghala ni dogo, mlangoni wamebandika 128. Kompyuta inasoma kibao cha mlangoni, haiingii ndani kupima. Ukileta mzigo uliozidi ghala hukataliwi wala huambiwi kumejaa, unapangwa juu ya mizigo iliyotangulia na kuiharibu. Majina yote yanabaki kwenye orodha, kwa hiyo ukiangalia kwa macho kila kitu kipo.

Tukaipima kwa programu ya bure inaitwa H2testw. Inaijaza memori mpaka mwisho halafu inasoma ilichoandika kuona kama kimerudi kilivyo. Tuliiacha jioni tukakuta majibu asubuhi. GB 7.2 ndizo za kweli.

Sasa turudi kwa muuzaji. Nilipomwandikia alijibu haraka na kwa upole sana: "Dada angu pole, hiyo imeingia virusi, ifomati tu itakaa sawa." Mtu akikwambia hivyo USIFOMATI. Ukifomati, memori inarudi tupu, inaonyesha tena 125, nyimbo za mwanzo zinaimba vizuri, na ule ushahidi wa mafaili yaliyoharibika unapotea. Nilipomtumia picha ya majibu ya kipimo akabadilika: waranti ni siku 7, tena ni ya kiredio, memori ilikuwa zawadi. Zawadi! Halafu akasema kwa kunihurumia atanibadilishia, nitume 12,000 ya memori mpya na usafiri. Nilipokataa akanibloku.

Hizo siku 7 ndizo nimezifikiria sana. Ni nani anayejaza GB 7 za nyimbo kwa wiki moja? Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida ni kama MB 4, kwa hiyo GB 7 ni nyimbo kama 1,800. Wengi hawatafika huko hata kwa mwaka, na ndio hao wanaoacha sifa kule chini, "mzigo nimepokea, uko vizuri, Mungu akubariki". Hawasemi uongo. Kwao bado haijajaa.

Ukishanunua ya namna hii, au una wasiwasi na uliyonayo, hamisha kwanza vitu vyako, kisha ipime ikiwa tupu. Kwenye Windows ni hiyo H2testw, kwenye Linux na Mac iko F3. Memori kubwa inachukua masaa, usikate njiani. Kama huna kompyuta, jaza kwa simu: chukua video moja kubwa, inakili mara nyingi mpaka iseme imejaa, halafu fungua ya kwanza, za katikati na ya mwisho, usogeze mbele kila moja. Fanya hivyo siku unayopokea, waranti ikiwa hai. Na uangalie bei. Baada ya haya nimeulizia kwenye maduka mawili hapa mjini, memori peke yake ya GB 128 walitaka 35,000. Kiredio na memori kwa 38,000 kingetoka wapi?

Halafu kingine, viredio vingi vya bei hii havikubali memori inayozidi GB 32 hata kama ni halali. Memori ya GB 16 au 32 ya dukani, yenye risiti, inakutosha kazi nzima. Ndiyo niliyoweka sasa, na kiredio kiko msumarini kinaimba kama kawaida.

Namba yake ya simu nimeiripoti kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kuhusu bidhaa bandia wanaohusika ni Tume ya Ushindani, FCC. Nimeambiwa nikienda nibebe boksi, memori, muamala na mazungumzo yote, kwa hiyo msifute meseji.

Kanda ya nane na ya tisa kijana atazihamisha tena Jumamosi. Ya saba utepe ulikatika siku ile ile aliyoihamisha, alipokuwa anaitoa kwenye redio. Kama kuna anayemjua fundi wa kuunga utepe wa kaseti, Tanga, Muheza au hata Korogwe, naomba anielekeze.