Upele wa mbwa na paka: dawa ipi ununue agroveti

Mbwa akijikuna ncha za masikio na viwiko mpaka manyoya yanatoka, wengi hapa Nakuru huenda agroveti kuitisha "dawa ya upele". Muuzaji hutoa iliyo karibu na mkono, mara nyingi ya ng'ombe. Nazipanga hivi.

Ya kwanza, kwa mbwa, ni kidonge cha kutafuna: NexGard au Bravecto. Huua utitiri wa upele unaoambukiza (Sarcoptes), na pia Demodex anayeishi kwenye mizizi ya manyoya. Bei inauma, lakini NexGard ni ya mwezi mmoja na Bravecto ni ya wiki 12, kwa hiyo gawanya bei kwa muda huo kwanza ndipo ulinganishe. Huuzwa kwa uzito: panda mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha peke yako, utoe. Usikubali kidonge cha mbwa mkubwa kikatwe vipande. Kwa mbwa mwenye kifafa, au mtoto wa chini ya wiki 8 au kilo 2, muulize daktari wa mifugo kwanza.

Paka mpe matone ya selamektini ya paka, yanayodondoshwa kwenye ngozi nyuma ya shingo. Huua hata utitiri wa masikioni.

Ya tatu ni sindano ya ivermektini, na hiyo adungwe na daktari. Chupa ya asilimia 1 imepimiwa ng'ombe, mililita 1 kwa kilo 50. Kwa kipimo hicho paka wa kilo 3 angepata mililita 0.06, na hapo mkono ukiteleza kidogo tu umezidisha. Mbwa wa aina ya Collie na baadhi ya German Shepherd inaweza kuwaua, na wachanganyiko wao wamejaa mitaani.

Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na kwa mbwa inafanya kazi ikipimwa vizuri na kurudiwa. Ila humlegeza na kupunguza mapigo ya moyo. Kwa paka usiiguse, wala dawa yoyote yenye permethrini. Oili chafu ya gari ni sumu, si dawa.

Ukiweza, daktari akwangue ngozi aangalie kwa hadubini kabla hujanunua: Demodex haambukizi, Sarcoptes huambukiza hata watu. Akiwa Sarcoptes, nunua ya kutosha mbwa wote wa boma, wapewe siku moja, na ufue matandiko yao.