Boksi faili kwa mwenye viwanja Dodoma: zuri kwa mpangilio, hatari kwa risiti

Kwa anayenunua viwanja Iyumbu, Nzuguni au Mtumba ili ajenge, apangishe au auze, boksi faili la kadibodi lenye mkono wa chuma bado halijapata mpinzani. Madukani yapo ya A4 na ya fulskepu. Chukua la fulskepu. Bahasha ya plastiki yenye matundu ni pana kuliko karatasi ya A4 iliyomo ndani yake, kwa hiyo kwenye boksi la A4 kingo hujikunja, na karatasi ndefu za miaka ya nyuma hazienei.

Boksi la mgongo wa sentimita 8 hubeba karatasi tupu kama 500. Ukitumia bahasha za plastiki, ishia nusu yake, la sivyo pete hazifungi vizuri. Kabla ya kulipa, fungua na funga mkono mara kadhaa ukitazama kama ncha za pete zinakutana. Zikipishana hata kidogo, kila ukigeuza ukurasa tundu litachanika. Hakikisha pia chini kuna ukingo wa bati, kwa sababu kadibodi tupu hulainika masika.

Hati miliki halisi haina nafasi humu. Usiitoboe, na wala usiipige laminesheni, hata mwenye steshenari akikusihi. Uhamisho wa umiliki, rehani na kufutwa kwake huandikwa na kugongwa muhuri juu ya hati yenyewe, na plastiki haiandikiki. Ndani ya boksi weka nakala ya rangi, maana kopi nyeusi humeza mihuri. Ramani ya kiwanja itolewe kopi kwa asilimia 100. Mashine ikiachwa ipunguze ili ienee kwenye karatasi, vipimo vya rula juu ya kopi hiyo havitakuwa sahihi tena. Wenye karatasi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma na iliyovunjwa 2017, watoe kopi ya kila ukurasa kabla ya kurudisha chochote ofisini wakati wa kubadilisha hati.

Udhaifu mkubwa uko kwenye risiti za EFD, yaani za mashine za kielektroniki za kodi. Zimechapwa kwa joto, bila wino. Bahasha laini za PVC, zile zenye harufu kali na zinazogandana, huzifuta taratibu, na hung'oa hata maandishi ya fotokopi. Tafuta za polipropilini, ambazo ni kavu na huchakacha zikishikwa. Risiti ya saruji au nondo itolewe kopi wiki hiyo hiyo, kisha ya asili ibanwe nyuma ya kopi. Laminesheni huigeuza nyeusi yote papo hapo.

Si jambo dogo hili. Mkazi wa Tanzania anayeuza nyumba hulipa kodi ya asilimia 10 ya faida, lakini asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa. Kiwanja cha milioni 20 kilichojengwa kwa milioni 30 na kuuzwa milioni 60 kina faida ya milioni 10, kwa hiyo kodi ni milioni 1. Risiti zikifutika, ni milioni 1.8.

Skani kila kitu kwa 300 dpi, na jina la faili lianze na namba ya kiwanja na kitalu: "112-C-Iyumbu-mkataba". Ukichapisha steshenari kupitia WhatsApp yao, simama hapo mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta, na kwenye kapu la takataka pia.

Halafu mchwa. Udongo wa Dodoma unao, na kadibodi wanaipenda. Boksi likae kwenye rafu ya chuma, mbali na ukuta kiasi cha kiganja kupita, na litolewe kila mwezi kutazamwa nyuma na chini. Njia yao ya udongo ukutani huonekana kabla hawajafika kwenye karatasi.