Ilimba ya Kigogo ya vyuma 20: inamfaa anayeanza?

Anayetamani kusimama jukwaani siku moja na ilimba kubwa ya Kigogo, ala ya Wagogo wa Dodoma yenye vyuma juu ya sanduku la mbao, aimbe huku vidole gumba vikikimbia juu ya vyuma, kwa kawaida huenda kwa fundi na kuulizia hiyo hiyo kubwa. Picha aliyonayo kichwani ni ya marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, aliyeufikisha muziki wa Ugogo kwenye majukwaa ya Ulaya. Ndoto hiyo ni halali kabisa. Ila ilimba ya kuanzia iwe ndogo, ya vyuma 20 hivi, iliyotengenezwa vizuri, na tathmini hii ni ya ilimba ya aina hiyo, kama mafundi wa Dodoma wanavyoitengeneza kwa kuagizwa.

Ni sanduku la mbao la urefu wa takribani sentimita 25, upana 18 na kina 6, linalokaa mapajani bila kuchosha mikono. Vyuma vimelala juu ya daraja la mbao au chuma, vimekandamizwa na upau mmoja uliofungwa kwa waya unaopita kwenye matundu ya ubao wa juu. Kuna tundu moja la mbele lililofunikwa utando, na tundu la nyuma ambalo mpigaji hulifunga na kulifungua kwa kidole ili sauti itikisike. Bei ni ya kupatana. Vinavyoipandisha ni idadi ya vyuma na aina ya mbao. Michoro ya kuchoma kwa moto pembeni haiongezi chochote kwenye sauti, kwa hiyo usikubali kuilipia kana kwamba ni kazi ya ufundi wa muziki.

Mbao kwanza. Omba mninga uliokauka. Mninga hausinyai wala kuvimba sana hewa ikibadilika, na hapa katikati ya Tanzania hewa hubadilika kweli: mvua ni za Desemba hadi Aprili, kisha inakuja miezi ya upepo mkavu inayopasua milango ya nyumba, sembuse ubao wa unene wa milimita 5. Sanduku lililochongwa kutoka kipande kimoja cha mti lina maungio machache, kwa hiyo halilegei upesi. La kuunganisha mbao ni jepesi, na likigandishwa vizuri hutoa sauti kubwa zaidi, ila kagua pembe zote nne kwa kuligonga kwa fundo la kidole huku umelishika ukingoni. Sauti ikiwa kavu, yenye mlio mfupi ulio safi, ni nzuri. Ukisikia mtetemo wa kukwaruza kabla utando haujawekwa, gundi imeachia mahali. Mwambie fundi aligandishe upya mbele yako.

Vyuma ndivyo vinavyoamua kama utaendelea kupiga au utaitundika ukutani. Mafundi hutumia misumari iliyofuliwa bapa, spoku za baiskeli, njiti za mwavuli au vipande vya springi. Msumari ni chuma laini. Ukifuliwa ukiwa wa baridi unapata ugumu wa kutosha, lakini ukipashwa moto hadi uwe mwekundu kisha ukaachwa upoe polepole, unarudi kuwa laini, na baada ya wiki chache za kupigwa unapinda na sauti yake inashuka. Springi na njiti za mwavuli hushika sauti muda mrefu. Jaribio ni rahisi: bonyeza ncha ya chuma kwa gumba hadi ishuke milimita 3, iachie, upime sauti kabla na baada. Kama imehama, chuma hicho kibadilishwe. Fanya hivyo kwa vyuma vyote, fundi mwenye uhakika na kazi yake hatakasirika.

Pitisha pia gumba kwenye ncha zote. Ncha yenye makali itakukata ngozi siku ya kwanza, na mwanafunzi mwenye kidonda hafanyi mazoezi siku ya pili. Msasa laini unamaliza tatizo hilo kwa dakika chache.

Sasa sauti zenyewe, ambapo wengi huharibu ilimba nzuri kwa mikono yao. Skeli ya Kigogo haifuati kinanda. Inafuata sauti za asili zinazozaliwa juu ya sauti moja ya chini: ya 4, ya 5, ya 6, ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10. Chukua Hz 49 (mitikisiko 49 kwa sekunde) kama msingi, uzidishe kwa namba hizo. Unapata 196, 245, 294, 343, 392, 441 na 490, kisha sauti za juu ambazo ni mara mbili ya zile za kati: 588, 686, 784, 882 na 980. Hizo ni sauti 12. Vyuma 8 vinavyobaki hurudia baadhi ya sauti upande wa pili ili magumba yote mawili yazifikie, au huachwa bila kupigwa vitetemeke vyenyewe wenzake wanapolia.

Tumechagua 49 kwa sababu 196 na 392 zinaangukia G ya kinanda, jambo linalosaidia ukija kukaa na kwaya. Lakini tazama 343. F ya kinanda iliyo jirani ni Hz 349, kwa hiyo sauti ya 7 ya Kigogo iko chini yake kwa senti 31, karibu theluthi moja ya nusu toni, yaani ya hatua kati ya vitufe viwili jirani vya kinanda, ambayo ina senti 100. Ile ya 245 nayo iko chini ya B kwa senti 14. Programu za simu za kutunia gitaa zitaonyesha nyekundu kwenye sauti hizo mbili na zile zilizo mara mbili yake, na anayeanza atazipandisha hadi taa iwe kijani. Akishafanya hivyo, ladha ya Ugogo imeondoka, na ataimba juu ya ilimba yake bila kuelewa kwa nini koo halikubaliani na vidole. Tumia programu inayoonyesha namba za Hz, uziamini namba.

Kutuni kwenyewe kunahitaji mkono mwepesi. Ukisukuma chuma kuelekea ncha, sehemu inayotikisika inarefuka na sauti inashuka. Ukikirudisha nyuma, inapanda. Chuma chenye urefu huru wa sentimita 5 kikifupishwa kwa milimita 1 tu hupanda kwa takribani senti 70. Kwa hiyo usivute kwa koleo. Gonga kwa nyundo ndogo na kipande cha mti, mguso mmoja, pima, mguso mwingine. Kama kimekaribia na kinahitaji kushuka kidogo, acha kukisogeza: bandika nta ya nyuki yenye ukubwa wa punje ya mtama chini ya ncha. Uzito wa nta unashusha sauti, na ukizidisha unabandua kidogo. Anza na vyuma virefu, malizia na vifupi, kisha rudia vyote tangu mwanzo, kwa maana mkandamizo wa upau hubadilika kila chuma kinaposogezwa. Ilimba mpya itahama mara nyingi mwezi wa kwanza hadi waya ukae. Waya ukiwa bado unalegea baada ya hapo, mrudishie fundi aukaze. Kukaza mwenyewe kwa koleo hupasua ubao kwenye matundu.

Ule mlio wa kuvuma unaoitambulisha ilimba hutoka kwenye utando wa tundu la mbele. Wa asili ni utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui, ule unaobandikwa kwenye kuta na mapaa. Bandika kwa nta au ulimbo ukiwa umenyooka bila kukazwa. Ukikazwa sana haulii, ukilegea unakohoa. Huchanika mara kwa mara, hasa kwenye vumbi la Julai na Agosti, kwa hiyo weka akiba kwenye kibati cha dawa. Karatasi ya kusokotea sigara inafaa kwa dharura, ila mlio wake ni mkali na haujai.

Upungufu wa ilimba hii upo, na hauna dawa. Sanduku dogo halibebi sauti za chini: ukiweka chuma cha chini ya Hz 190 hivi utakiona kikitetemeka vizuri lakini sikio halipati kitu, maana ubao ni mdogo mno kuisukuma hewa. Pia vyuma vichache maana yake mwangwi wa vyuma visivyopigwa ni hafifu, na huo mwangwi ndio utajiri wa ilimba kubwa. Anayetaka kurekodi wimbo mzima kwa ala moja atauona mpaka huo mapema.

Kwa kujifunzia, hata hivyo, hatujaona ala ya bei hii inayoshinda. Dakika 20 kila siku zinatosha, na zinashinda saa tatu za Jumamosi, kwa sababu ngozi ya gumba huota ugumu taratibu na kumbukumbu ya mkono hujengwa usingizini kati ya siku na siku. Wiki mbili za kwanza piga gumba la kulia peke yake, sauti nne, metronomu (kifaa au programu inayogonga mapigo) ikiwa 60 kwa dakika. Kisha la kushoto peke yake. Kuyaunganisha ndipo wengi hukwama, na chanzo ni kukimbilia mwendo: kulia likipiga mapigo matatu wakati kushoto likipiga mawili, ubongo huhitaji kusikia muunganiko ule polepole mara nyingi kabla vidole havijautii. Piga makofi kwanza bila ilimba, mkono mmoja kwenye paja la kulia, mwingine la kushoto, hadi uweze kuzungumza na mtu bila kupotea. Ndipo uhamie kwenye vyuma. Ongeza mapigo 4 kwa dakika kila wiki, na wiki ambayo mkono haujatulia usiongeze.

Baada ya hapo ingia kwenye sauti mbili kwa pamoja. Kanuni ya Wagogo ni kuruka moja: 294 hulia na 392, 343 na 441, 392 na 490, 441 na 588. Waimbaji wao hupanga sauti kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo ukiijua kwenye ilimba umeshajua nafasi ya sauti ya pili ya mwenzako. Kuimba juu ya upigaji kuje mwisho, na kuanze kwa kushika sauti moja tu, 392, bila maneno, huku magumba yakiendelea. Pumzi ikiyumbisha mapigo, punguza mwendo hadi 60 tena.

Jirekodi kwa simu mara moja kwa wiki, simu ikiwa sentimita 30 mbele ya tundu la mbele, ikiwa imelazwa juu ya kitambaa. Ukiiweka juu ya meza hiyo hiyo yenye ilimba, inanasa mgongano wa mbao. Nyumba ya bati bila dari haifai saa nane mchana, maana bati likipanuka kwa jua hutoa milio inayoingia kwenye kila kipande. Asubuhi mapema ni tulivu zaidi. Ukifika hatua ya kutumia spika, bandika pikapu ya piezo (kinasa kidogo cha mtetemo) ndani ya ubao wa juu, kando ya daraja, mbali na utando. Ukiiweka karibu na utando spika itapiga mluzi kabla hujaimba.

Utunzaji ni mdogo. Futa jasho kila ukimaliza, pitisha tone la mafuta ya cherehani kwenye vyuma mara moja kwa mwezi, na usiyaache yafike chini ya upau, yatafanya vyuma viteleze. Anayekwenda kusoma TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, aongeze hilo liwe kila wiki, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma kisichopakwa kitu. Usiiache ndani ya gari juani, nta itayeyuka na gundi itaachia.

Hatuipendekezi kwa mtu aliyekwisha kupiga miaka kadhaa, wala kwa kikundi kinachohitaji ala ya kusikika katikati ya ngoma za muheme, itamezwa. Kwa wengine wote inunueni, mradi mmekaa na fundi na kupima vyuma kimoja kimoja.

Ukifika wakati wa kuagiza kubwa, mpelekee fundi karatasi yenye namba zako za Hz, mpangilio wa kushoto na kulia uliouzoea, na kipimo cha upana wa mikono yako unaposhika sanduku. Mwombe atoboe matundu ya waya zaidi ya vyuma unavyoweza kulipia sasa, na daraja alifanye refu hadi kwenye matundu hayo, ili vyuma viongezwe vinne vinne bila kuvunja kilichopo.