Xfce inakumbuka mpaka makosa yangu

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na kila asubuhi nataka nikute meza ileile: matini asilia kushoto, tafsiri kulia, faharasa ya maneno kwenye eneokazi la pili, teminali mbili (madirisha ya kuandikia amri), na folda ya mteja ikiwa wazi. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM gigabaiti 4, ndiyo sababu nilihamia Xubuntu, aina ya Linux ambayo mazingira yake ya eneokazi, yaani paneli, menyu na madirisha, ni Xfce. Wepesi wake niliutarajia. Kilichoniteka ni kisanduku kidogo kinachojitokeza unapotaka kutoka: "Save session for future logins", yaani hifadhi sesheni (programu na madirisha yaliyo wazi) kwa utakapoingia tena. Unatia tiki, unazima, unakwenda kulala. Kesho ukiingia, madirisha yanarudi yenyewe mahali pake.

Hayarudi yote, na hilo ni vyema ulijue mapema. Urejeshaji huu unategemea itifaki ya XSMP, ya miaka ya 1990, ambayo kwayo programu huuambia mfumo jinsi ya kuiwasha tena, na programu nyingi za siku hizi hazina habari nayo. Firefox nimeiachia mpangilio wake wenyewe wa kufungua vichupo vya mwisho. Teminali inarudi, lakini kilichokuwa kikiendelea ndani yake hakirudi.

Sasa mkasa. Jioni moja niliamua kujaribu meneja mwingine wa madirisha (programu inayoyawekea vichwa na kuyasogeza), nikamsimamisha xfwm4 ambaye ndiye wa Xfce. Yule mgeni sikumpenda, nikamfunga. Kabla sijamrudisha mwenyeji, simu ikaita, nikatoka na kuzima mashine haraka haraka. Tiki ilikuwa palepale nilipoizoea.

Asubuhi madirisha hayana vichwa. Hakuna upau wa juu, hakuna alama ya kufungia, yote yamebanana kwenye kona ya juu kushoto na hayasogezeki. Nikawasha upya, yakawa vilevile. Nikawasha mara ya tatu kwa ukaidi tu. Fundi wa mtaani kwetu alipoona picha niliyomtumia akajibu, "Kaka, hiyo piga chini, weka upya." Bei yake ya kuweka upya naijua, ndiyo maana nikaendelea kuhangaika mwenyewe.

Jambo lililoniokoa ni kwamba bila meneja wa madirisha, herufi unazochapa zinaingia kwenye dirisha lililo chini ya kishale. Nikapeleka kishale juu ya teminali iliyorejeshwa, nikaandika xfwm4 --replace & kisha Enter. Vichwa vikarudi papo hapo! Ila niliona ni bandeji tu. Nilitaka kujua kwa nini kosa linarudi kila nikiingia.

Jibu lilikuwa kwenye folda ya ~/.cache/sessions. Humo mna faili ambalo jina lake huanza na xfce4-session-, likifuatiwa na jina la mashine na namba ya skrini, kwangu :0. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyasoma kwa amri ya less. Kila programu iliyohifadhiwa ina mistari yake, pamoja na amri ya kuiwasha. Nikatafuta xfwm4 mle ndani. Hayumo. Xfce haikuwa imeharibika hata kidogo, ilikuwa inatekeleza orodha niliyoiachia mimi.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kuwasha xfwm4, kisha kutoka kwa tiki ileile ili orodha iandikwe upya ikiwa kamili. Ya pili ni kufuta yaliyomo ndani ya folda hiyo, au kuingia kwenye mipangilio ya "Session and Startup" na kubonyeza kitufe cha kufuta sesheni zilizohifadhiwa. Xfce isipokuta sesheni, inaanza na orodha yake ya akiba: xfwm4, paneli, xfdesktop (mwenye picha ya nyuma) na wenzao. Mimi nilitumia ya kwanza, maana sikutaka kupanga meza upya.

Lawama yangu moja ni hiyo folda. Kumbukumbu ya meza nzima imewekwa kwenye kache, yaani hifadhi ya muda! Kache kwa watu wengi ni mahali pa kufagia, na mimi nilikuwa na hati ndogo ya kusafisha ~/.cache kila Jumapili ili diski ipumue. Wiki kadhaa Jumatatu yangu ilianza na skrini tupu nami nikidhani ni bahati mbaya. Na kwa kuwa jina la mashine limo kwenye jina la faili, nilipobadilisha jina la laptopu sesheni ya zamani ikapuuzwa, ingawa faili lake lilikuwepo. Nilipanga upya, nikahifadhi, basi.

Umeme nao. Sesheni huandikwa unapotoka, na betri yangu ilishakufa zamani, kwa hiyo ukikatika ghafla unarudishiwa meza ya juzi. Ndani ya "Session and Startup" kuna kitufe cha kuhifadhi sesheni wakati huohuo. Mawingu yakianza kukusanyika nakibonyeza, kama mtu anayeanua nguo.

Wenye kupenda Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, wajue kwamba XSMP ni mali ya X (au X11), mfumo wa zamani, kule haipo. Mimi nimebaki X11 kwa sababu hii moja.

Siku hizi nimeacha kutia tiki kila ninapotoka. Niliipanga meza asubuhi moja nikiwa na utulivu, nikaihifadhi, nikanakili folda nzima ya sessions kwenye Documents. Nikivuruga kitu, natoka, naingia kwa Ctrl+Alt+F3 (skrini ya maandishi matupu), narudisha nakala, halafu naingia upya. Fundi aliniuliza juzi ile mashine naileta lini.