Vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti: nyota 3 kwa 5

Watu wengi huku mtaani huniuliza kama kuna haja ya kwenda kwa hivi vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, basi wacha niandike hapa tumalizane. Kaunti yangu siitaji jina, naongelea huduma yenyewe.

Kwanza hii si fadhila ya mtu. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 196 kinaambia bunge la kaunti lishirikishe wananchi, na 201 kinasema hivyo hivyo kwa mambo ya pesa, kwa hivyo ukiona tangazo usingoje kualikwa.

Mazuri yapo. Kikao kilifanyika hapo kwa chifu, hakuna wa kutumia nauli, na wodi admin alikiendesha kwa Kiswahili tukaelewana. Kina mama wa soko walipewa nafasi mapema warudi kwa biashara zao, na mmoja wao akaeleza vile mtaro huziba mvua ikianza tu, akataja mpaka kibanda ambapo maji husimama, jamaa wa mipango akaandika. Hiyo ilinifurahisha sana juu injinia akiwa ofisini hawezi jua hiyo kitu.

Sasa nyota mbili zilipotea wapi? Kitabu cha bajeti! Kililetwa asubuhi hiyo hiyo, kopi za kuhesabu, Kiingereza na mahesabu tupu, na ukifika kwa barabara unapata imeandikwa "wodi mbalimbali" na pesa mbele yake, wodi gani hakuna anayekwambia. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu cha 87 inataka wananchi wapate habari kwa wakati unaofaa. Mtu atatoa maoni gani kwa kitu ameonyeshwa sai? Ndio maana watu huishia kuomba taa za mtaani za mulika mwizi na bursari, halafu wakubwa wanasema ati wananchi hawaelewi bajeti, wanaelewa sana, ni vile walinyimwa karatasi.

Halafu hakuna majibu. Unaongea, wanaandika, unasaini karatasi ya mahudhurio, unakunywa soda, imeisha. Hakuna mtu hurudi kusema hili limeingia na hili limekataliwa kwa sababu hii, na ile saini yako ndio itaonyeshwa kama ushahidi kwamba ulishirikishwa. Hapo naumia kabisa.

Na inawezekana kufanywa vizuri. Kaunti ya Makueni chini ya aliyekuwa gavana Kivutha Kibwana, mikutano ilikuwa inaanzia kijijini, inapanda mpaka wodi na kaunti, na wananchi wanachagua kamati ya kusimamia mradi, kontrakta hakulipwa hivi hivi bila hiyo kamati kukubali kazi imefanyika. Hiyo ndio ningepea tano.

Kama utaenda, usiende mikono mitupu. Andika maoni yako, taja mradi na mahali pake, beba kopi mbili na moja igongwe muhuri ubaki nayo. Ukitaka stakabadhi, omba kwa barua ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Na kitu watu wengi hawaambiwi ni kwamba kikao cha makadirio, yaani hicho kitabu cha bajeti, ni cha mwisho mwisho, juu makadirio hufaa kufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili na wakati huo miradi mingi ishachaguliwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka ndio hutangulia, unafaa uwe bungeni kufikia 1 Septemba, halafu karatasi ya mkakati wa fedha 28 Februari, ambayo ndiyo hupangia kila idara kiwango chake. Kwa hivyo kama ni mtaro unataka, anza kusumbua ofisi ya wodi kuanzia Julai, uliza kikao cha huo mpango ni lini na kitabu kitapatikana wapi, na mkiwa kikundi ni afadhali kuliko mtu mmoja.